Sema Umekuja kwa Ajili ya Don Crisóforo

Nilikuwa nimeshabonyeza kitufe, na taa ya mashine imeshaanza kutembea chini ya kioo, ndipo nilipoiona anwani ya nyumbani kwetu.

Wateja walikuwa wawili, mume na mke, warefu, wamebabuka jua mpaka masikioni. Walitaka kopi mbili za ukurasa mmoja ili wasinyang'anyane kitabu njiani. Duka letu la karatasi na fotokopi liko hatua chache kutoka uwanja mkuu wa Oaxaca, kwa hiyo pasipoti, ramani na vitabu vya watalii nimevitoa kopi mpaka macho yangu hayavioni tena. Siku ile yaliona. Karatasi ilitoka ya moto, nikaigeuza, nikasoma: Kichochoro cha Carrizo, namba 14, mlango wa kijani. Mlango ule niliupaka rangi kwa mkono wangu.

Kijitabu chenyewe kiliitwa Siku Mbili Oaxaca, kidogo cha kutia mfuko wa shati, Kiingereza juu na Kihispania chini. Kilikuwa cha watu wenye siku mbili na wasio na subira. Kilikuwa na sehemu nne: Kula, Kunywa, Kuona, Kulala. Kila sehemu ilitaja mahali pachache tu, na ukurasa ule ulikuwa wa mahali pamoja palipotajwa katika zote nne. Nyumbani kwetu.

"KULA. Nyumba ya Doña Eufrosina. Hakuna kibao, hakuna menyu. Ukifika mlangoni sema tu: nimekuja kwa ajili ya Don Crisóforo. Utapewa kiti na sahani kabla hujavua kofia. Mole yake nyeusi, mchuzi mzito wa pilipili na kakao, inashinda zote nilizokula mjini. Bei haitajwi, kuna sahani karibu na picha ya mwanzilishi, weka unachojisikia. Uwe mwangalifu na pilipili.

"KUNYWA. Papo hapo. Meskali, pombe kali ya mkonge, humiminwa kutoka kwenye dumu, na mama mmoja mwenye rozari hukukazia macho mpaka umalize.

"KUONA. Papo hapo, sebuleni. Zulia la mchanga wa rangi lenye sura ya Bikira, limechorwa sakafuni. Usilikanyage. Wenyeji huimba saa kumi na moja jioni.

"KULALA. Papo hapo, ukimpendeza mwenye nyumba. Chumba cha uani, kitanda kimoja, godoro zuri, hakuna kunguni."

Nikakaa juu ya boksi la karatasi. Mwanzilishi. Yule mwanzilishi wa kwenye picha alikuwa baba yangu, na ule haukuwa mgahawa. Yalikuwa matanga yake.

"Mbali?" aliniuliza yule mwanamke, kidole kikiwa juu ya kichochoro chetu.

"Pamefungwa," nikasema.

Wakatabasamu, wakanishukuru, wakatoka wakaelekea huko huko. Mimi nilibaki na kopi ya tatu, ile iliyotoka imepinda, naisoma tena kama vile maneno yangebadilika.

Baba tulimzika Machi. Siku tisa za sala mlango wetu ulikuwa wazi, turubai limefungwa uani, viti vya kukodi mpaka kichochoroni, masufuria matatu motoni. Na kwenye matanga ya kwetu mgeni haulizwi wewe nani. Anafika, anasema amekuja kwa ajili ya marehemu, anawekewa kiti na sahani, basi. Kumwuliza umemjulia wapi ni kumtukana aliyekufa, kana kwamba hakuwa na haki ya kuwa na rafiki ambaye mkewe hamjui.

Na baba yangu angeweza kuwa na marafiki mia tusiowajua. Alikaa kaskazini, ng'ambo ya mpaka, miaka kumi na moja, akichuma stroberi. Aliporudi alirudi na sanduku moja na mgongo mbovu, na habari za kule hakuzileta. Mama alimwuliza kwa upole, akamwuliza kwa ukali, akamwuliza akiwa mgonjwa. Jibu lilikuwa lile lile: "Nilifanya kazi, nikala, nikalala."

"Ulikuwa unakula na nani?"

"Na sahani yangu."

Aliishi miaka minne baada ya kurudi, akafa na siri zake kama zilikuwepo. Mama hakulia sana kwa kifo. Alilia kwa sahani ile. "Amparo," aliniambia siku ya mazishi, "mtu gani anakula peke yake miaka kumi na moja, halafu anakuja kunifia mimi mikononi?"

Kwa hiyo siku ya tano ya novena, zile sala za siku tisa, alipotokea mwanamume tusiyemjua, mwenye koti la kaki na daftari mfukoni, akasema mlangoni kwa lafudhi ya mbali kwamba amekuja kwa ajili ya Don Crisóforo, mama alinishika mkono mpaka ukauma. Tulimweka karibu na zulia la mchanga. Nikampelekea mole mimi mwenyewe, nikamwekea na pilipili ya kuchoma pembeni. Doña Chole, jirani yetu ambaye ndiye mwongoza sala wa mtaa mzima, alikuwa ameanza tendo la tatu la rozari pale yule bwana alipoitafuna pilipili nzima. Machozi yakamtoka. Hayakumtoka kidogo, yalimwagika, mabega yakimtikisika, leso mdomoni.

"Mwangalie," mama akaninong'oneza. "Hivyo ndivyo rafiki anavyolia."

Na mimi, mjinga wa kwanza, nikamwongezea wali.

Jina lake lilikuwa Leandro Pittaluga, mtu wa Montevideo. Mama alipogundua kwamba analala kwenye nyumba ya wageni yenye kunguni, alimpa chumba cha baba. Alikaa kwetu mpaka mwisho. Mama alimsimulia habari za Crisóforo kila asubuhi, naye akiitikia kwa kichwa, na kila alivyoitikia mama alihesabu kuwa anakumbuka. Siku ya tisa, mchanga unapokusanywa na msalaba uliolazwa juu yake unainuliwa kutoka sakafuni, mama alimwomba Leandro ainue kichwa cha msalaba. Si jambo dogo hilo. Anayeinua kichwa ndiye msimamizi wa msalaba. Anakuwa ndugu wa nyumba, compadre wa mwenye nyumba, na mwaka ukitimia ndiye anayeleta msalaba mpya wa kupeleka makaburini. Leandro aliinua, uso umemwiva, akaaga, akapanda basi. Alituachia kalamu moja chini ya kitanda. Ile kalamu ndiyo iliyotuandika.

Siku ile ya kopi nilimwomba bosi ruhusa, nikakimbia. Nilipanga kuwatoa wale wateja wangu wawili kwa fagio. Nilipofika mlango ulikuwa wazi, na wao wako kwenye meza yetu ya jikoni, magoti yamewafika kifuani kwa udogo wa viti, wanakula mole iliyopikwa kwa rojo kavu la msiba lililobaki kwenye chungu. Mama alikuwa amesimama na mwiko, uso umemlowa.

"Amparo, njoo uwaone hawa," akasema. "Wamekuja kwa ajili ya baba yako. Kutoka Denmaki, mwanangu. Hata sijui iko wapi. Hawajui Kihispania, lakini jina la Crisóforo wanalitamka kama wamezaliwa nalo."

Kopi ilikuwa mfukoni mwangu. Nikaisukuma chini zaidi.

"Kumbe hakuwa peke yake," mama akasema, akawaongezea.

Hapo ndipo nilipokosea, na sitafuti wa kumsingizia. Ningesema siku ile, tungelia siku ile, yakaisha. Badala yake nilisema nitasema kesho. Kesho yake wakaja Waitaliano watatu.

Walikuja Juni yote. Walikuja Julai. Walikuja wenye mabegi ya mgongoni, na wazee wenye kofia pana, na mtawa mmoja wa Kanada, na Mjapani ambaye alikula pilipili nzima na kulia vizuri kumshinda hata Leandro. Wote walisimama mlangoni wakasema kwa shida, kama watoto wa katekisimu, "Nimekuja kwa ajili ya Don Crisóforo." Na mama, aliyekuwa akiamka kwa kujikokota tangu mazishi, sasa alikuwa jikoni mapema anakaanga pilipili kavu, anachagua ufuta, anasaga kwenye jiwe kwa magoti yake mawili kwa sababu mole ya mashine, alisema, si ya kumpa mtu aliyesafiri. Alianza kuvaa hereni. Pesa zilizowekwa kwenye sahani ya picha alizipeleka kwa padri, misa za Crisóforo. Marehemu aliombewa kuliko maaskofu.

"Frosina," Doña Chole akamtania, "mumeo alikuwa anachuma stroberi au alikuwa balozi?"

"Alikuwa na moyo mkubwa."

"Aliuficha wapi? Mimi nilimkopesha ngazi, akairudisha pungufu vipande viwili."

"Wewe Chole ungechunga ulimi. Unamsengenya mtu mwenye rafiki Japani."

Nami nilikaa katikati yao, naosha sahani, nataka ardhi inimeze. Nyumba ilishaacha kuwa yetu. Siku moja nilimkuta mtu asiyenijua akiniuliza mimi, uani kwetu, kama choo ni cha wateja tu. Siku nyingine nilimkuta mwanamume kalala chali kwenye kitanda cha baba, viatu miguuni, anapima godoro kwa kujirusharusha. Yule nilimtoa kwa sikio. Mama alinigombeza siku nzima.

Mwisho wa Agosti nilirudi kazini mchana nikamkuta chini, kando ya jiwe la kusagia, kichwa kwenye unga wa kakao. Mama ana kisukari. Alikuwa hajala tangu asubuhi, akisubiri kuwapakulia wengine. Mezani walikuwepo wageni wanne. Walidhani amepiga magoti kusali. Walikuwa wanangoja kwa adabu.

Alizinduka hospitalini na neno la kwanza likawa, "Wamekula?"

Mtu mmoja aliacha kijitabu chake mezani siku ile, na ukurasa wa mwisho ulikuwa na maandishi madogo: kama kuna kilichobadilika, tuandikie, toleo jipya hutoka kila Januari na kila Mei. Nilikaa kwenye taipureta ya dukani. Nilijua nikiandika kwamba mole imeharibika watakuja kuionja. Nikiandika kwamba tumechoka, hawatajali. Kwa hiyo niliandika kitu ambacho hakuna anayebisha nacho: Doña Eufrosina Cruz amefariki tarehe mbili Septemba. Nyumba imefungwa. Msilete watu tena.

Niliisoma mara moja tu. Nikailamba bahasha. Mama yangu nilimwua kwa mistari mitatu, nikabandika stempu.

Waliendelea kuja mpaka Krismasi, wachache, halafu Januari bomba likafungwa. Hakuja hata mmoja. Nilishusha pumzi. Nikasema sasa mama atapumzika.

Hakupumzika. Wiki ya kwanza alipika akangoja. Wiki ya pili alipika kidogo. Mwezi wa pili alikuwa akitoa kiti cha baba mlangoni saa tisa, saa ya chakula, anakaa akitazama kichochoro mpaka sahani zipoe, halafu anakirudisha kiti ndani. Hereni alizivua.

"Wamemaliza msiba," aliniambia. "Hata mwaka haujatimia, Amparo. Inawezekana watu wengi vile wakasahau kwa pamoja?"

"Labda wana kazi, mama."

"Wote?"

Daktari alisema sukari imetulia. Sukari ndiyo ilitulia. Mama alikuwa anakwisha. Nilimtazama akikunja shati la baba, analikunjua, analikunja tena, na nilijua ni mimi niliyefanya hivyo. Nililipata nililolitaka, na sasa sikujua nimpe nini. Nimwambie kweli? Kweli ilikuwa mbaya zaidi. Kweli ilikuwa kwamba hawakumsahau Crisóforo kwa sababu hawakuwahi kumjua.

Kilichobaki kumshikilia kilikuwa tarehe moja, kumi na nne Machi, mwaka wa baba kutimia.

"Leandro atakuja," alisema. "Wengine sawa. Leandro aliinua kichwa."

"Mama, ni mbali."

"Hata Denmaki ni mbali."

Aliagiza bata mzinga wawili. Alinikataza nisitafute msalaba kwa seremala. Kumtafutia msimamizi msalaba wake ni kumdharau. Mimi nilishakwenda kwa siri nikaagiza mmoja, nikaufunga kwenye shuka, nikauficha nyuma ya tangi la maji. Nilitunga na uongo wa kuusindikiza: umetumwa na Leandro kwa basi, anaumwa, anasikitika. Nilikuwa nimeshakuwa fundi.

Siku yenyewe, saa sita na nusu, Doña Chole alikuwa anapanga viti, mimi napeleka maua sebuleni, mlango ukagongwa. Mama alifungua mwenyewe.

Alikuwa Leandro Pittaluga, suti nyeusi iliyokunjika kwa safari, tai nyeusi, na chini ya kwapa msalaba umefungwa kwa magazeti.

Sijawahi kumwona mtu akigeuka rangi vile. Alimtazama mama, mkono ukatafuta fremu ya mlango ukaikosa. Msalaba ukamponyoka, ukagonga sakafu, gazeti likachanika.

"Pole na safari, compadre," mama akasema, uso umemchanua kwa mara ya kwanza tangu Krismasi. "Nilijua tu. Chole, nilikwambia nini? Mbona husemi, Leandro, mpaka..."

Akaacha. Alikuwa ameinama kuokota msalaba. Mama anasoma polepole, kwa kidole, na kidole kilikuwa kimeshafika kwenye ubao uliochongwa.

"Eu-fro-si-na Cruz," akasoma. "Tarehe mbili Septemba." Akanyanyua kichwa. "Huyu ni mimi?"

Doña Chole alijipiga ishara ya msalaba mara tatu, akakaa kwenye kiti alichokuwa anakipanga. Mimi chombo cha maua kiliniponyoka, maji yakanilowesha miguu.

"Niliambiwa umefariki, Doña Frosina," Leandro akasema hatimaye. "Ilikuja barua ofisini. Ya taipureta."

Nyumba nzima hakuna anayegusa taipureta ila mimi. Mama hakuhitaji kuambiwa. Alinigeukia na ule msalaba kifuani.

"Umeniua lini, mwanangu?"

"Septemba, mama."

"Nilikukosea nini?"

Yalinitoka yote, ovyo ovyo. Sakafu ya jikoni, unga wa kakao kwenye nywele zake, wale wanne waliokuwa wakingoja kwa adabu, mtu mwenye viatu kitandani. Nikasema ilikuwa lazima waache kuja.

"Waache kwa nini? Walikuwa marafiki wa baba yako."

Nilimtazama Leandro kwa macho ambayo kama yangekuwa misumari angebaki ameganda mlangoni mpaka leo. Naye, lazima niseme, hakukimbia. Alitoa kijitabu mfukoni, toleo la zamani, akakifungua pale mlangoni, akamsomea mama ukurasa wake wote. Kula. Kunywa. Kuona. Kulala. Alipofika kwenye "mwanzilishi" alikisogeza kijitabu karibu na macho, akasoma.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Viti vilikuwa tupu, bata mzinga wanachemka.

"Kwa hiyo wewe hukumjua Crisóforo."

"Hapana. Nilikuwa natafuta mahali pa kula. Aliyekuwa mbele yangu mlangoni alisema vile, na mimi nikasema vile."

"Wale Wadenmaki?"

"Hapana, mama."

"Yule Mjapani aliyelia?"

"Nadhani ilikuwa pilipili," Leandro akasema kwa sauti ndogo. "Na mimi pia, siku ile ya kwanza. Ilikuwa pilipili."

Mama alitafuta kiti kwa mkono, kile cha baba, akakaa. Msalaba wenye jina lake aliulaza mapajani. Aliposema hakusema nasi.

"Basi ni kweli," akasema. "Kule alikula peke yake."

Nilikuwa nimemwona siku ya mazishi na siku ya hospitali, lakini hivi sikuwahi. Nilitaka kwenda kumshika, nikaogopa. Mtu aliyemwua mama yake hajui aanzie wapi kumshika.

"Sijui alikula na nani," Leandro akasema. "Ninachojua ni changu. Mimi nakula peke yangu siku mia mbili kwa mwaka, ndiyo kazi yenyewe. Nakaa, naonja, naandika, naondoka. Hapa nilisema uongo mlangoni na mkaniongezea wali. Siku ya pili nilishaelewa kwamba ni msiba. Nilipaswa kusema. Niliogopa nikisema mtachukua sahani."

"Na kuandika?" nikamrukia. "Uliogopa nini ukiandika?"

"Ofisini walitaka mahali pasipo na kibao. Na sikuwa nimekula vizuri hivyo popote." Aliinamisha kichwa. "Sina cha kujitetea, Amparo. Ndani ya basi mama mmoja aliniuliza nilikuwa nafanya nini Oaxaca, nikamwambia niliinua kichwa cha msalaba. Akaacha kutafuna. Akasema, basi una ndugu pale, na mwaka ukiisha una msalaba wa kuleta. Ilipokuja barua nikaona mwaka haujaisha na nimeshampoteza ndugu. Nikachonga jina la yule niliyemjua. Nimeuchonga mwenyewe, ndiyo maana umepinda."

Mama aliuinua msalaba, akaupima kwa jicho moja kama anavyopima mlango wa seremala. Ulikuwa umepinda kweli.

"Ni mbao gani?"

"Mwerezi."

"Mbao nzuri, imeangukia mkono mbaya." Akaugeuza. Nyuma palikuwa peupe. "Amparo, lete rangi nyeusi na brashi ndogo. Andika hapa jina la baba yako."

"Frosina," Doña Chole akaingilia, mkono bado kifuani, "huwezi kumweka mumeo mgongoni kwa jina lako. Watu watasema nini makaburini?"

"Aliniacha miaka kumi na moja. Akae nyuma kidogo."

Niliandika: Crisóforo. Herufi zilianza kupinda, mama akanishikia kiwiko. Hakuniambia amenisamehe na mimi sikuomba, lakini kiwiko alikishika mpaka herufi ya mwisho. Ule msalaba mwingine uko nyuma ya tangi la maji mpaka leo, tunauegemezea fagio.

Tulikwenda makaburini, Leandro mbele na msalaba wake uliopinda, tarehe ya kufa kwa mama ikiwatazama waliokuwa nyuma yake. Mama alikuwa nyuma yake hatua moja, anaisoma njia nzima. Tuliporudi ilikuwa saa tisa. Mama alimpakulia Leandro, akampakulia Chole, akanipakulia mimi, akajipakulia na yeye, kitu ambacho hakukifanya mwaka mzima. Pilipili ya kuchoma aliiweka mbali na Leandro.

Tulikula. Halafu mama akafuta mdomo.

"Taipureta yako bado inafanya kazi?"

"Ndiyo, mama."

"Andika barua nyingine. Andika nimefufuka."

Leandro aliacha kutafuna. Mimi nilidhani amechanganyikiwa na sukari, nikanyoosha mkono nimguse paji.

"Niondolee mkono. Andika Jumanne na Ijumaa tu, magoti yangu si ya chuma. Saa tisa, si kabla. Kusaga utasaga wewe, uliniua, utasaga. Na kitandani hakuna kupanda na viatu."

"Lakini mama, unajua sasa hawakumjua baba. Hao ni watu tu, hawana pa kula."

"Si ndiyo nasema. Wanakula peke yao, kama yeye kule."

"Wakifika mlangoni waseme nini?"

Mama aliitazama picha ya baba pale ukutani, mwanzilishi, na shati lake jeupe la pasipoti.

"Waseme vile vile," akasema. "Wamekuja kwa ajili ya Crisóforo. Safari hii itakuwa kweli."

Niliandika kesho yake, saa ya kufungua duka, neno kwa neno kama alivyosema, na jiwe la kusagia nikalibeba mimi kutoka jikoni kwenda kwenye kivuli.